Meno Matatu ya Mashine ya Kona

Mjomba alikuwa ameniahidi: siku mashine ya kukereza iliyo kwenye kona ya karakana yake itakapobana chuma sawasawa, itakuwa yangu ya kufanyia kazi. Leo alikuwa amechoka kungoja. Alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje saa tisa alasiri.

Ubovu ulikuwa kwenye kibanio, kile kichwa kizito chenye meno matatu kinachoshika chuma kikizunguka. Meno yalikuwa yamelika. Fundi wetu mkuu, tunayemwita Milimita, aliyasaga mara mbili. Yakiwa matupu yalinyooka kama rula. Yakibana tu, chuma kiliyumba kama mlevi.

"Huyu keshazeeka," Milimita alisema. "Mzikeni."

Mimi ndiye niliyekisafisha kibanio kile kwa mafuta ya taa, miezi minane. Vidole vyangu vilijua kwamba jino likikazwa huinama nyuma na kupanua mdomo wa kibanio. Milimita alikuwa ananyoosha meno yaliyolala, yasiyobana kitu, na ubovu wake huamka yaking'ata.

Kulisema hilo mbele yake, ulimi uligoma. Nikachonga vipande vitatu vya chuma, nikachomeka kimoja kati ya kila jino na jirani yake, nikakaza kwa nguvu zote. Meno yakabanana yenyewe kwa yenyewe, katikati pakabaki wazi. Nikaizungusha mashine polepole na kupitisha jiwe la kusagia katika uwazi huo, nikiyasaga meno yakiwa yamekazwa, unywele kwa unywele.

"Binti, umekuwa daktari wa meno?" Milimita akauliza.

"Mwache," mjomba akasema. "Maiti haiogopi sindano."

Saa tisa kasoro kidogo nikabana kipande cha chuma kilichonyooka, nikaegesha saa ya kupimia myumbo, nikazungusha kwa mkono. Mshale ukatikisika kidogo, ukatulia. Milimita akanisogeza kwa kiwiko. Akazungusha. Akafungua, akageuza chuma, akabana upya, akazungusha tena. Akavua miwani na kuifuta kwa shati.

"Hata ilipokuwa mpya," akasema kwa sauti ndogo, "haikuwa hivi."

Mnunuzi alikuwa ameshasimama mlangoni na mizani yake. "Mzigo uko wapi?"

Mjomba aligeuka. Alinitazama mimi.

"Hauuzwi," nikasema, na sauti ikagonga ukuta. "Samahani, mzee, umechelewa. Mzigo huo una kazi."

Milimita akapiga meza kwa spana kama ngoma. Mjomba akanikabidhi shafti ya pampu iliyokuwa ikisubiri tangu juzi. Nikaibana, nikawasha. Unyuzi wa chuma ukaanza kutoka, mrefu, haukatiki, nami nikicheka kwa sauti mbele ya watu wote.