Ukurasa Ulionywesha Maharage

Istir alikuwa akichekecha kifusi cha mji wa kale, kama wafanyavyo wakulima wa upande ule wa Nile wanapotafuta mbolea, ukurasa wa mafunjo ulipobaki juu ya chekeche. Ulikuwa umelowa. Akaukung'uta, akautia kikapuni pamoja na mbolea, akampakia punda.

Maharage yake yalikuwa yanakufa. Makarios, mwenye mfereji, alikuwa amefunga lango la maji tangu Istir alipokataa kumwachia shamba la marehemu mumewe.

Padri Basili alikuwa akipita pale Istir alipomwaga mbolea. Akaziona herufi za Kiyunani, akauokota ukurasa, akasoma mstari mmoja kwa sauti. Maji yakatoka katika ukurasa, yakateremka mtaroni hadi shina la kwanza. Aliponyamaza, yakakatika.

"Ni Injili," alisema. "Ya zamani mno."

"Basi usiishie hapo, Baba." Istir alikwisha kushika jembe kuyaelekeza maji.

Padri akaendelea. Jirani, Bibi Rifka, akachungulia kutoka shambani kwake.

"Polepole, Padri! Vitunguu vyangu vinazama. Jumapili unajikokota, leo unakimbilia wapi?"

"Jumapili huwa umelala, Bibi. Umejuaje?"

Katikati ya ukurasa padri alisita. Kila mstari alioutamka ulikuwa umefutika.

"Istir, mwanangu, maneno haya yamewazika wafalme wangapi. Nikimaliza, hayapo tena."

Istir alifikiri kidogo, ameegemea mpini.

"Aliyeyaandika alitaka yasomwe au yafukiwe?"

Padri akauinua tena ukurasa. Alisoma hadi neno la mwisho, na mtaro wa mwisho ukajaa. Mkononi alibaki na ukurasa mtupu, mkavu.

Jioni Makarios alifika juu ya farasi, akatazama udongo uliolowa.

"Nani kafungua lango?"

"Funguo si unazo wewe?" alisema Bibi Rifka.

Makarios akapapasa mfukoni, akazikuta. Akasema lango litabaki vilevile mpaka mjane apate akili, akageuza farasi.

Maharage yakachanua. Kufuli halikuguswa, na jua halikupunguza ukali. Istir aliporudi kifusini alimkuta Padri Basili ametangulia, amekunja mikono ya joho, vumbi limemjaa ndevuni.

"Kurasa za hapa zote kavu," padri alisema, akimsogezea chekeche la pili. "Tujaribu kule ukutani."