Anayeonja Kwanza

Desderius wa Bugarama, kule Ngara, alikwenda Uganda na mgambo wenzake, akapigana mpaka nduli aliyeitawala nchi hiyo akakimbia. Vita vikaisha, yeye harudi. Kikosi chake kiliachwa kulinda amani katika mji mdogo wa huko, na hiyo amani, jamani, ilimtoa jasho kuliko vita. Adui unampiga akakimbia. Mtu anayejifungia ndani kwa kukuogopa utamfanyaje?

Kamanda alisema waziwazi: "Soko likifunguka, tunawaachia wenyewe mji wao, tunarudi nyumbani. Lisipofunguka, tutazeekea hapa."

Desderius alifagia soko, akagongelea meza zilizovunjika, akatangaza kwa Kiswahili mpaka sauti ikakauka. Hakuja hata kuku. Kiswahili wale watu walikijua kwa kuamrishwa na askari wa nduli walale chini. Alimuwaza mkewe Adelfina, peke yake na shamba la migomba, moyo ukamuuma.

Asubuhi moja mama mtu mzima, Odeta, alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi, mrija umechomekwa. Nyuma yake milango ilifunguliwa kidogo, watu wakachungulia. Alipiga magoti, akamnyooshea Desderius kibuyu.

"Shikamoo, mama."

Mama wa watu akabaki kinywa wazi. Askari kumwamkia yeye!

Desderius alipokea, akasita. Kwao Ngara hata mlevi aliyeshindikana hagusi pombe kabla mwenye nyumba hajaonja. Akamrudishia. "Onja kwanza, mama."

"Afande, unadhani nimetia sumu?"

"Hata kidogo. Kwani kwenu mwenye nyumba haonji?"

"Anaonja." Odeta aliinamisha kichwa. "Lakini miaka yote hii wenye bunduki ndio wanaonja kwanza. Sisi tunangoja, kama wageni."

Desderius aliweka bunduki chini, akapiga magoti mavumbini mbele yake. "Mimi ndiye mgeni, mama. Nyumba ni yako."

Odeta alivuta mrija, machozi yakimtiririka, kisha akampa. Akageuka, akaita wenzake kwa lugha yao. Kufika mchana wanawake walikuwa wanagombania meza kwa kelele, na Desderius alizisikiliza kelele zile kwa furaha tele. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na Odeta.

Basi kamanda akatimiza ahadi. Bugarama nzima ilijaa uani kwa Desderius, pombe imeiva, na Adelfina akamletea mumewe kibuyu aonje, maana baba mwenye nyumba amerudi.

Desderius alitazama migomba iliyopaliwa vizuri, na paa lililoezekwa upya bila yeye. Akapiga magoti. Mwanamume mzima, mbele ya mkewe! Majirani walishika vichwa.

"Nyumba umeitunza wewe," alisema. "Asante, mke wangu. Onja kwanza."

Adelfina alicheka huku analia, akavuta mrija.