Folda ya Mdogo Mtu

Seva ya duka la miwani haikuziona programu mpya za mdogo mtu. Ilitafuta kwenye folda moja tu, ya kaka yake, ikarudi mikono mitupu.

Kaka mtu, ambaye karakana nzima ilimwita Waya, hakusikitika. Miaka sita seva ile ilikuwa yake. Aliiunga mwenyewe kwenye kompyuta iliyokaa chini ya meza ya kukatia lenzi. Ikawa inapokea vipimo vya macho kutoka mapokezi na kumtolea mkata lenzi hesabu. Hakuisomea kazi hiyo, alijifunza kwa kuchokonoa. Kisha mwenye duka akamwajiri mdogo wake aliyesomea kompyuta, wenzake wakambandika jina la Profesa, na tangu hapo ikawa Profesa kasema, Profesa kaona. Waya alicheka na wenzake huku nyongo inampanda.

Profesa alikuwa ameandika programu mbili: moja ya kuchapa lebo, nyingine ya hesabu za lenzi nyembamba zilizoingia juzi. Hakutaka kuvuruga kazi ya kaka yake, akaziweka kwenye folda yake, akaja kuomba kwa adabu.

"Kaka, niongezee mstari kwenye mipangilio. Seva ianze kutafuta kwangu, ikikosa ndiyo ije kwako."

"Ianze kwako?"

"Ile ya hesabu ina jina moja na yako, kaka. Itachukua ya kwanza kuiona."

"Haya, Profesa. Nimesikia."

Waya aliongeza mstari, ila akauweka chini ya wake, ili seva iendelee kuanza kwake. Mkubwa ni mkubwa, alijiambia, hata ndani ya kompyuta.

Lebo mpya zikatoka, maana Waya hakuwa na programu ya lebo. Kila mtu akaamini na hesabu mpya inafanya kazi. Mwenye duka akampigapiga Profesa begani, akasema mtoto huyu ana kichwa. Waya alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo na hakuambulia hata ahsante. Kugeuza mistari ile kungemchukua dakika moja. Akaenda kunywa chai.

Wiki iliyofuata wateja walianza kurudi, wengine wameshika vichwa: sakafu inapanda, ngazi zinakimbia. Lenzi nyembamba zilikuwa zimekatwa kwa hesabu ya zamani. Mwenye duka akamfokea Profesa mbele ya watu. Profesa akafungua mipangilio, akaona mstari wake uko chini ya wa kaka yake. Hakumtaja mtu. Alipomaliza kukusanya vitu vyake, akamwinamia Waya sikioni.

"Ungeniambia tu hunitaki hapa, kaka. Ningeondoka bila kuumiza macho ya watu."

Jozi thelathini na moja za lenzi zilitupwa. Wateja tisa hawakurudi. Kukata upya kulichukua siku kumi na mbili, na Waya alizikata jozi zote peke yake. Mdogo wake alikuwa mmoja tu, na ni mwezi wa nne sasa hapokei simu yake.