Mfano Hai

Wanafunzi wenzake walimpachika jina la Mama Mbio, na hawakukosea. Mhadhara ukiwa umenoga, simu ikitetemeka mfukoni, huyo, ameshatoka, mkoba unaning'inia na kalamu bado iko mdomoni. Walicheka. Wacheke tu. Wao wakitoka darasani walikwenda kulala bwenini. Yeye alikuwa anamkimbilia mwanawe wa miaka saba, aliyejifungia chooni kwa sababu jirani kaanza kukata vyuma kwa mashine.

Mtoto alikuwa na usonji. Hakusema neno, na kelele za ghafla zilimtesa kweli kweli. Bibi yake, mama mzazi wa Mama Mbio, ndiye aliyeshinda naye, na alimwita Bwana Mkubwa. "Ukimwita haitiki," alisema, "ukimpa chakula anakikagua kwanza, akisinzia nyumba nzima tunanyata. Huyu si mjukuu, ni waziri huyu!" Lakini akizidiwa, bibi alipiga simu, na mbio zikaanza upya.

Na Mama Mbio alikuwa anasomea nini? Elimu maalumu. Ualimu wa watoto kama huyo wake. Shule za mtaani zilikwisha kumrudisha mtoto kwa maneno matamu, basi akaapa: nikipata shahada nitamfundisha mwenyewe, tuone nani atamfukuza.

Mwaka wa mwisho mambo yakamharibikia. Mhadhiri wa somo la usonji, mama mmoja mcheshi ambaye kila mtu alimwita Dokta, alimwita ofisini.

"Mdogo wangu, mahudhurio yako ni aibu. Kwa hali hii mtihani wa mwisho hufanyi."

Bila mtihani ule hakuna shahada, na miaka yote ya kujinyima usingizi imekwenda na maji.

"Ila tunaweza kusaidiana," Dokta akasema, akimsogezea kiti. "Darasa langu limesoma usonji vitabuni tu. Mlete kijana wako. Mfano hai! Wewe utoe maelezo, nami nitakuhesabia badala ya vipindi ulivyokosa."

Nyumbani, bibi alisonya hadi paka akatoka nje. "Unampeleka akatazamwe? Kwani kawa nini?"

"Mama, ni kipindi kimoja tu."

"Hivi ndivyo mlivyofundishwa huko?"

Hata hivyo alimpigia pasi shati Bwana Mkubwa, akamtoa mlangoni shingo upande.

Sasa, darasa lile lilikuwa na desturi yake. Mtu akimaliza kuwasilisha, darasa zima linampigia makofi, kwa pamoja, kwa nguvu, hata kama kaongea pumba. Mama Mbio aliijua desturi hiyo, kwa hiyo alianza kwa kuwaomba: "Leo msipige makofi, tafadhali. Mkifurahi, pungeni mikono tu." Wote wakaitikia kwa vichwa, wapole kabisa.

Mambo yakaenda vizuri ajabu. Mtoto alikaa chini mbele ya ubao, akapanga vipande vya chaki kwa urefu, akavipangua, akavipanga tena. Mama yake akaeleza kwa nini. Akaeleza kuhusu kelele, kuhusu chakula, kuhusu macho yake kukwepa macho ya watu. Hakuna aliyecheka. Walimsikiliza! Kwa mara ya kwanza tangu aingie chuo hakuwa mtu wa kuchungulia mlango, na tusimfiche, alijisikia raha. Akanyoosha mgongo. Sauti ikampanda.

"Asanteni," akamaliza.

Huko nyuma kijana mmoja, kwa mazoea tu, akapiga kofi. Ukumbi mzima ukamfuata.

Loh! Mtoto alijitupa chini ya meza, akaziba masikio, kisha akaung'ang'ania mkono wake kwa meno. Makofi yakakatika, lakini yalikwisha kumwingia.

"Msishtuke!" Dokta akasema, amesimama kwa hamu. "Hii ndiyo tunayoisoma. Mwenzetu, tueleze, tunaona nini hapa?"

Na yeye, jamani, akaeleza. Mama mzima, mwanawe analia chini ya meza, akageukia ubao na kushika chaki. "Hii ni tabia ya kujidhuru," akasema, kwa sauti safi ya mtihani. "Huchochewa na kelele zilizozidi uwezo wa mtoto." Akaandika. Akapigia mstari. Nyuma yake kalamu zikawa zinakimbia kwenye karatasi.

"Dada," akasema msichana wa mstari wa mbele, ameweka kalamu chini. "Anatoka damu."

Hapo ndipo alipoitupa chaki, akaingia chini ya meza. Mtoto alimpiga teke la kifua. Akamkumbatia hivyo hivyo, akakumbatia mateke na kila kitu, mpaka wengine wote wakatoka.

Dokta aliwakuta kwenye korido, wamekaa sakafuni. Akampa leso ya kufungia mkono wa mtoto. Macho yake yaling'aa kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyomchoma zaidi Mama Mbio.

"Pole, mdogo wangu. Umefanya kazi kubwa. Mtihani utafanya, hilo limekwisha." Akainama kidogo. "Mwaka wa pili nao wameniomba. Wiki ijayo. Tasnifu yako iko mezani kwangu, nitaisoma tukishamaliza na hao."

Matusi yalimjaa Mama Mbio kinywani, ya nguoni kabisa. Alimchukia yule mama. Alijichukia mwenyewe zaidi, kwa ule mstari alioupigia ubaoni. Bwana Mkubwa alikuwa ametulia sasa, analamba kidonda taratibu, hamtazami mtu.

Akayameza yote.

"Saa ngapi, Dokta?" akauliza.