Vibakuli vya Tumbo la Panya

Mama wa usafi alikuwa na macho ya kuona na mdomo wa kunyamaza. Tangu amzike mumewe, miaka sita sasa, alikuwa akideki maabara ile, na kila asubuhi kabla ya kushika ufagio alimwombea kwa Mungu yule binti mtafiti aliyempachika jina la Sindano.

Sindano alikuwa na uzi wa kaboni mwembamba kuliko unywele. Aliuchomeka kwenye kipande cha tumbo la panya, kikiwa bado hai ndani ya kibakuli cha maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akaupitishia umeme kidogo. Homoni ya njaa ikitoka na kuugusa uzi, mstari kwenye kompyuta unainuka kama kilima.

"Tumbo linaupelekea ubongo habari, mama," aliwahi kumweleza. "Ubongo nao una homoni zake za kujibu. Nataka kuzisikia pande zote mbili."

"Na habari zisipofika?"

"Mtu hali. Hata umpikie nini."

Maneno hayo yalimkaa mama moyoni. Marehemu, miezi yake ya mwisho, alikuwa akiisukuma sahani kwa kidole. Mpaka leo mama alijiuliza kama mkono wake ndio uliokosea chumvi.

Alhamisi hiyo alimkuta Sindano ameshika tama. Saa nne profesa anakuja kuangalia, na kama hakuna cha kuona, kazi inafungwa, chumba wanapewa wengine. Na tangu Jumatatu mstari ulikuwa umepanda juu, umegoma kushuka.

"Hata tumbo sijaweka, mama! Maji matupu, nayo yanadai yana njaa!"

"Labda hayajanywa chai."

Sindano hakucheka. Mama naye kicheko kikamkauka. Jumatatu.

Juu ya sinki palibandikwa karatasi: vibakuli vioshwe kwa maji yaliyochujwa tu. Lakini yeye hakuwahi kuamini kwamba chombo kilicholaza matumbo ya panya kinatakata kwa maji matupu. Jumatatu akavilowesha kwenye dawa ya kung'arishia mashuka, na kila siku baada ya hapo. Vikameta. Akajisifu.

Akisema, kibarua kitaota nyasi. Akinyamaza, nani atajua? Mungu atajua, alijijibu, akaegemeza deki ukutani.

"Mwanangu, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Vibakuli. Navilowesha kwenye dawa ya madoa."

Sindano alimkodolea macho. "Mama! Klorini! Uzi unaihisi klorini kabla ya kitu kingine chochote! Siku tatu nimebadilisha nyaya, nimegombana mpaka na fundi umeme!"

"Nisamehe. Nilitaka ving'ae."

"Vimeng'aa, mama. Mpaka vimenitoa jasho." Akatazama saa. Saa tatu na robo. "Utalia baadaye. Njoo tusuuze."

Walisuuza mara kumi, mama akiomba kimyakimya kila walipomwaga maji. Sindano akafunga uzi mpya. Mstari ukashuka, ukalala kama shuka lililonyooshwa.

Profesa aliingia, mzee asiyejua utani. Sindano akaweka kipande cha tumbo, akachomeka uzi. Dakika ikapita. Ya pili. Profesa akakohoa. Ndipo mstari ukajikunja taratibu, ukapanda, ukashuka. Kilima.

"Rudia," alisema profesa.

Akarudia mara tatu. Vilima vitatu.

"Endelea. Wiki ijayo nataka kuona kipande cha ubongo." Alipofika mlangoni akageuka. "Tatizo lilikuwa nini?"

Sindano alimtazama mama, akajishughulisha na nyaya.

"Mimi, bwana profesa," alisema mama. "Nilitia dawa kwenye vibakuli."

Profesa alimpima kwa macho. "Basi kuanzia leo vioshe wewe peke yako. Wewe hutasahau."

Mlango ulipofungwa, mama aliikaribia kompyuta. Kilima chenyewe kilikuwa kidogo, hata ukucha kilikuwa hakijafika.

"Ndiyo habari yenyewe hii?"

"Ndiyo."

"Na marehemu wangu haikumfika."

"Labda, mama. Sijui bado. Ndicho ninachokitafuta."

Mama alifuta macho kwa pindo la kanga ya kiunoni, akakusanya vibakuli.

"Basi tafuta, mwanangu," alisema, akifungua bomba la maji yaliyochujwa. "Mimi nasuuza."