Paneli Niliyoifunga Mwenyewe

Fundi alitaka shilingi elfu sitini ili aifunge paneli yangu ya sola. Nilikataa. Niliegemeza ngazi ukutani, nikapanda, nikaifunga mwenyewe. Nilitoboa bati mahali pasipostahili, na sasa mvua hunidondokea kitandani. Hata hivyo, taa iliwaka, na simu ikajaa chaji humu humu nyumbani kwangu, Talatala.

Hapo awali nilikwenda Ipinda kila Jumamosi kuichaji simu dukani kwa Hamza. Nilikaa kwenye benchi mpaka ijae, huku mkewe, Siti, akinisimulia habari za mji. Sasa sikuwa na sababu ya kwenda. Kwa majuma matatu sikuzungumza na yeyote isipokuwa kuku.

Jumamosi ya nne niliichukua simu, nikaenda.

“Shikamoo, bibi. Tulidhani umetususa,” alisema Hamza.

“Marahaba. Nichajie simu.”

Aliichomeka, akaitazama. “Mbona imejaa, bibi?”

“Nimekuuliza?”

Alicheka, akaiacha kwenye waya. Siti alinipangusia benchi, akaanza kunieleza yote yaliyonipita.