Mkasi wa Marehemu Fatehali

Twalibu alipoingia kwenye karakana ya glavu pale Mwembesongo na kusema, "Shikamoo, mama," Scholastika hakuitika. Mwanamke mtu mzima, mzaliwa wa milima ya Uluguru, hakuwahi kumnyima mtu marahaba yake. Siku hiyo alimnyima. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye mkasi mkononi mwa mgeni.

Mkasi ule ulikuwa wa marehemu Fatehali, mwenye karakana. Mzee alimwahidi kwa mdomo wake mwenyewe: "Nikiondoka, Skola, meza ya kukatia ni yako." Sasa mzee kaondoka, na binti yake Rizwana kamleta fundi viatu kutoka Mafiga, mtu ambaye hajawahi kukata hata kidole kimoja cha glavu.

"Wewe endelea kulainisha," Rizwana alimwambia bila kumtazama. "Kukata kunataka mtu wa vipimo."

"Vipimo navijua tangu wewe unanyonya."

"Ulimi ndio unaojua. Mpe ngozi."

Scholastika akampa ngozi ishirini za mbuzi, za glavu za wafuga nyuki. Wiki tatu alizihangaikia: kazilaza kwenye maji ya magome, kazikwangua, kazisugua kwa mafuta na viini vya mayai mpaka zikawa laini kama ndewe ya sikio.

Twalibu akailowesha ya kwanza, akatoa nyundo na misumari, akaanza kuiwamba kwenye ubao huku akiivuta pande zote kwa nguvu, kama alivyozoea kwenye viatu. Scholastika akainua kichwa. Ngozi ya glavu haiwambwi! Huvutwa kwa mikono kwenye ukingo wa meza. Kwa urefu huvutwa mpaka mwisho, lakini kwa upana huachiwa nafasi ya kuvutika, maana mkono ukikunja ngumi hupanuka. Ukiiwamba pande zote na kuianika juani, umeiua.

Alifungua mdomo. Akaufunga. Mwache aharibu, alijiambia, wamrudishe Mafiga na misumari yake. Chuki ilimjaa kiasi kwamba misumari ya Twalibu ilipoisha, alimsogezea kopo jingine.

"Ahsante, mama," alisema Twalibu. Hilo nalo lilimkera.

Hadi jioni ngozi kumi na tisa zilikuwa zimewambwa. Mbao zikaisha, ikabaki ngozi moja.

Siku ya tatu, ngozi zilipokwisha kukauka juani na glavu za mwanzo kukatwa na kushonwa, Rizwana akavaa jozi ya kwanza, akakunja ngumi. Ngozi ikapasuka juu ya vifundo vya vidole. Akavaa ya pili, nayo ikapasuka. Twalibu akatoa macho. Scholastika akafuta mikono kwenye aproni, akakaa wima, akingoja kuombwa.

Hakuombwa. Rizwana aliokota kipande, akakivuta huku na huku. Hakikuvutika. Akamgeukia Scholastika.

"Ulikuwepo akiwamba?"

"Nilikuwepo."

"Ulijua?"

Angeweza kudanganya, ila kiburi kilimkataza. "Tangu msumari wa kwanza."

"Ngozi ulizozitengeneza mwenyewe!" Rizwana alipaza sauti. "Huyu hakujua. Wewe ulijua, ukakaa ukitazama. Mkasi wa baba sikupi, leo wala kesho." Akausukuma mezani, mbele ya Twalibu. "Mfundishe."

Scholastika alivua aproni, akaitupa chini. Aliwachukia wote wawili, na alijichukia mwenyewe zaidi kwa lile kopo la misumari. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia ngozi ikikwaruza ukingo wa meza. Twalibu alikuwa ameilowesha ile ya mwisho, naye, safari hii bila misumari, anaivuta kwa mikono, lakini vibaya.

Akasimama. Akageuka.

"Wewe! Shika upande wa shingo!" alifoka, akarudi mezani. "Shingo, nimesema, si mguu. Polepole. Unamvuta punda?"

Wakaivuta pamoja, yeye huku, Twalibu kule. Mkasi ulikuwa katikati yao, na Scholastika hakuugusa.